Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni, Zanzibar: Tunaomba chumba kikavu Ng'ambo

Assalaam alaykum Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mmoja wa wachoraji wa rangi za maji wa hapa Unguja. Kikundi chetu ni kidogo. Tuna walimu wawili wa skuli, muuguzi, fundi wa milango aliyestaafu, vijana kadhaa, na mama mmoja wa Mwembetanga anayechoma mandazi alfajiri na kushika brashi jioni. Ofisi hatuna. Mali yetu ya pamoja ni viti vidogo vya kukunja, kamba, vibanio vya nguo na sanduku la bati la kuwekea karatasi. Jumamosi asubuhi tunatoka pamoja, tunakaa kwenye kichochoro au pembeni ya uwanja, tunachora mpaka jua linapokuwa kali. Mara moja kwa mwaka tunatundika kazi zetu watu wazione.

Ombi langu ni moja, nami nalitanguliza: tupatiwe chumba kimoja kikavu, upande wa Ng'ambo, ile mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, kwa wiki tatu kila mwaka, tufanyie maonyesho.

Neno "kikavu" ndilo zito katika ombi hili, na naomba univumilie nilieleze.

Watu wengi wakisikia uchoraji hapa kwetu fikra zao zinakwenda kwenye Tingatinga, zile picha zinazoning'inia madukani kuanzia Shangani mpaka Darajani. Hizo huchorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ngumu kama ya kupakia baiskeli. Zikipata vumbi unafuta kwa kitambaa. Picha ya rangi za maji haifutwi. Ni rangi iliyosagwa, ikachanganywa na gundi ya mgunga, ikalazwa juu ya karatasi kwa maji. Maji yakikauka, imebaki rangi na karatasi tu, hakuna kinachoifunika. Hata weupe tunaouchora si rangi. Tukichora ukuta wa chokaa unaopigwa na jua, tunauacha mtupu, ule mng'ao unaouona ni karatasi yenyewe. Kwa hiyo karatasi ikiingia doa, ukuta wa jua umeingia doa, na hakuna fundi wa kuusafisha.

Karatasi nzuri ya kazi hii ni ya pamba, nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba. Hapa madukani sijaiona. Huja kwa mkono wa jamaa anayesafiri, tena kwa kubembeleza. Karatasi moja kubwa ina sentimita 56 kwa 76, sisi tunaikata mara nne ili watu wanne wapate. Imepitishwa kwenye jelatini ili isinywe rangi yote kwa mara moja. Jelatini hiyo na ile gundi ya mgunga ni chakula kizuri sana cha ukungu. Hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 kwa siku mfululizo, ukungu unaanza kula, na visiwa vyetu, Mheshimiwa, hukaa juu ya kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka.

Mwaka juzi tulipewa ukumbi mmoja wa umma, sitautaja. Ulikuwa ghorofa ya chini, hatua chache kutoka baharini. Tulishukuru kwa dhati, na waliotupa walitupa kwa moyo mweupe. Ilikuwa Novemba, vuli imeshaanza. Tulitundika picha 43 moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, ukuta ambao siku za nyuma uliwahi kupigwa saruji juu ya chokaa. Wanaotunza Mji Mkongwe wanajua hilo lina maana gani: chokaa huuacha ukuta upumue, saruji huufungia maji ndani, nayo hutafuta pa kutokea pamoja na chumvi.

Siku ya tatu karatasi zikaanza kujikunja ndani ya fremu kama mawimbi. Siku ya nne nikaona kwenye picha ya fundi wetu wa milango vidoa vya kijivu, vidogo, kama unga uliomwagika angani. Ilikuwa picha ya majahazi matatu yaliyopwelewa Mtoni, na mbingu yake aliipaka mara tano, tabaka juu ya tabaka, akingoja kila moja ikauke ndipo aongeze nyingine. Tuliteremsha fremu. Karatasi ilikuwa imegandana na kioo. Nilipoivuta taratibu, nusu ya mbingu ilibaki kwenye kioo. Mzee hakusema neno. Alikichukua kile kioo, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akakiangalia muda mrefu, kisha akakifuta kwa kanzu yake na kukirudisha kwenye fremu tupu.

Siku ile tuliharibikiwa na picha 9. Tatu kati yake zilikuwa za watoto wa skuli tuliowafundisha mwaka mzima.

Najua utaulizwa, kwa nini Serikali ihangaike na karatasi wakati majengo yenyewe yanaanguka? Nami najibu kwamba ni kwa sababu hiyo hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu pale Forodhani, ilipoporomoka, mnara wa saa ukaenda nayo, na watu wawili wakapoteza maisha, Mwenyezi Mungu awarehemu. Nyumba ile ya Sultani Sayyid Barghash ilikuwa imesimama tangu 1883. Ilipigwa mizinga mwaka 1896 na bado ikasimama. Wanachama wetu walikuwa wameshaichora kutokea Forodhani sijui mara ngapi. Baada ya siku ile nilifungua sanduku la bati nikazitoa karatasi zile moja moja. Picha za simu zipo maelfu, sikatai. Lakini aliyekaa kwa muda wa saa tatu mbele ya jengo amezihesabu nguzo zake za chuma, ameona kutu ilipoanza kula, amejua kivuli cha roshani ya juu kinafika wapi saa nne asubuhi. Nyuma ya karatasi moja mwenzetu ameandika kwa penseli: "ghorofa ya pili, kona ya kushoto, maji yanavuja, mvua ya jana." Hakuwa mhandisi. Alikuwa anatafuta rangi ya ule unyevu, akaandika asisahau.

Uchoraji wa namna hii si jambo la kuletwa na watalii, na hapa naomba nitoke kidogo nje ya Unguja. Mwaka 1926, Bukama, huko Katanga ya Kongo, nchi ya wenzetu wanaosema Kiswahili, ofisa mmoja wa Kibelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba ambazo kuta zake zimechorwa vizuri sana. Aliogopa mvua zitaziosha. Akampa mchoraji, Albert Lubaki, karatasi na rangi za maji. Mkewe Lubaki, Antoinette, naye akachora. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels, mwaka uliofuata Geneva. Mwaka 2015, karibu miaka 90 tangu zichorwe, watu wa Paris walisimama mbele ya karatasi za mke na mume wale kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Zile kuta za Bukama hazikupata bahati hiyo. Karatasi zilidumu kwa kuwa kuna mtu aliziweka pakavu. Kinachoniuma ni kwamba pakavu penyewe palikuwa Ulaya, na mjukuu wa Bukama akitaka kuona mkono wa babu yake inambidi avuke bahari. Sisi hatutaki picha za Unguja zitunzwe na watu wa mbali kwa sababu tu wao wana kabati na sisi tuna koga.

Sasa nije kwenye Ng'ambo, maana hata ndani ya kikundi tulibishana.

Wenzangu wengine walitaka tuombe chumba Mji Mkongwe, karibu na hoteli, kwa kuwa mgeni ndiye mwenye fedha ya kununua. Ni hoja ya kweli, mimi mwenyewe nimenunua brashi zangu kwa fedha ya mgeni. Lakini nimesimama kwenye maonyesho yetu yote, nikaangalia watu wanavyotazama. Mgeni huangalia picha kwa dakika moja, huuliza bei. Mwaka ule wa ule ukumbi alikuja bibi mmoja wa Kikwajuni, kaletwa na mjukuu. Alipita picha zote za milango ya Mji Mkongwe bila kusimama. Akafika kwenye picha ndogo ya nyumba ya udongo na mawe, paa la bati, baraza mbele. Akasogeza uso mpaka pumzi yake ikaonekana kwenye kioo. "Hii kwa Bi mkubwa wangu," akasema. "Hapa barazani alikuwa akishona kofia. Lakini mlango mmekosea, komeo lilikuwa mkono wa kulia." Kijana aliyeichora alikuwa pale pale. Alitoa daftari, akamwambia bibi akae, na kwa muda wa nusu saa bibi akamtajia nyumba zote za mtaa ule, nani alijenga, ipi ilikuwa na mfenesi, ipi ilianguka masika ya mwaka gani.

Mheshimiwa, hakuna mgeni anayeweza kutusahihisha komeo. Maji yaliyokuwa yakitenganisha Ng'ambo na Mji Mkongwe yalifukiwa zamani, daraja limebaki jina tu, Darajani, lakini maonyesho bado yanafanyika upande mmoja. Mji Mkongwe una hadhi ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, una wataalamu, una wapiga picha kila kona. Nyumba za Ng'ambo zinabomolewa kila mwezi ili pajengwe ghorofa la tofali, na mara nyingi hakuna aliyeichora hata moja kabla ya nyundo. Kijana wetu mwingine ana picha za maghorofa ya Michenzani saa ya magharibi, nguo zimeanikwa, saruji imegeuka rangi ya waridi kwa dakika kama kumi hivi. Anayekaa ghorofani pale hajawahi kuiona picha hiyo. Namtaka aione akiwa na kandambili zake, akitoka dukani.

Sikuchagulii jengo, hiyo ni kazi ya wanaojua majengo ya Serikali. Naomba tu liwe ghorofa ya kwanza au zaidi, mbali na bahari, lisiwe na ukuta unaotoa chumvi. Madirisha tutayawekea mapazia ya kitambaa cha marekani wenyewe, maana jua la moja kwa moja hula rangi, na nyekundu na waridi ndizo huondoka mwanzo. Makumbusho huangazia picha za maji kwa mwanga hafifu, wa luksi 50 tu, nasi tutajitahidi tukaribie hapo. Kila fremu tutaipachika vipande viwili vya mbao nyuma ili hewa ipite kati yake na ukuta. Feni mbili zinatosha. Wakati uwe kipupwe, kati ya Juni na Agosti, masika yamekwisha na vuli haijafika.

Kiingilio kisiwepo. Asubuhi iwe ya wanafunzi, na mlango usifungwe kabla ya saa tatu za usiku, ili aliyetoka kazini aswali, ale, ndipo aje. Kuna wazee huniuliza kwa upole kama kuchora kunafaa katika dini, nami huwaonyesha tunachochora, majumba, miti, vyombo baharini, wengi huridhika na wengine wameleta watoto wao. Wakiwa na chumba cha kuingia na kuona kwa macho yao, itakuwa rahisi zaidi. Picha ikiuzwa, sehemu ya kumi italipa umeme na mlinzi. Kufagia tutafagia.

Na tuna kitu cha kutoa. Kila mwaka, katika picha zilizotundikwa, tuko tayari kuiachia Nyaraka za Taifa pale Kilimani picha moja bila malipo, nyuma yake pameandikwa mahali, tarehe na saa. Wao wanajua kutunza karatasi kuliko sisi na sanduku letu la bati. Ya kwanza tumeshaichagua, ni ile nyumba ya Kikwajuni. Kijana ameichora upya, na komeo liko mkono wa kulia.

Jumamosi ijayo, inshallah, tutakuwa Mkunazini kuanzia saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa. Tafadhali pita, hata kwa robo saa, hata bila msafara. Kiti kimoja cha kukunja tutakiacha wazi, na karatasi yako tutakuwa tumeshaikata.

Kwa heshima,
Mchoraji wa rangi za maji, Unguja