Vidonge vya presha usiviache

Kirumba, Mwanza

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kusikia kwamba sukari yako ya asubuhi kabla ya kula sasa ni 6.4. Lakini yale maneno ya mwisho, kwamba umeacha vidonge vya presha kwa kuwa kichwa hakikuumi tena, yamenikosesha usingizi, ndiyo maana ninakujibu leo hii.

Presha haiumi. Mwaka jana nilifika kliniki ya kisukari nikiwa mchangamfu kabisa. Muuguzi akanipumzisha kwanza, akanifunga kile kitambaa mkononi, akapima, akanyamaza, kisha akahamia mkono wa pili. Ilikuwa 168 kwa 96. Majibu ya damu nayo yakaonyesha kwamba trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, ziko juu na lehemu nzuri (kolesteroli inayolinda mishipa) iko chini, ingawa mimi, kama unavyonijua, si mnene hata kidogo.

Daktari alinieleza kwamba katika kisukari hiki chetu cha aina ya pili, mwili unapokaidi insulini, ile homoni ya kushusha sukari, ini humwaga mafuta mengi zaidi kwenye damu, na figo huzuia chumvi ambayo ingetoka na mkojo, hivyo presha hupanda. Mambo haya matatu, sukari, mafuta na presha, yana undugu, na yote huishambulia mishipa ile ile ya moyo, ubongo, figo na macho. Utafiti mkubwa wa Uingereza, uliotoa matokeo yake mwaka 1998, ulilinganisha wagonjwa wa kisukari ambao presha yao ilidhibitiwa hadi wastani wa 144 kwa 82 na wenzao waliobaki kwenye 154 kwa 87: kwa tofauti hiyo ndogo, kiharusi kilipungua kwa asilimia 44. Mimi huikumbuka hesabu hiyo kila ninapomeza kidonge.

Kama vidonge vilikuletea kikohozi kikavu, mwambie daktari, kwa sababu vipo vya aina nyingine vinavyolinda figo vilevile. Umuulize pia kama unahitaji dawa ya kushusha lehemu, na uombe mkojo upimwe protini. Kuhusu chakula, nakusihi uache kayabo, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, maana hata ukiiloweka usiku kucha na kubadilisha maji, chumvi haitoki yote, na kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima, ikiwemo ile ya kwenye mboga. Sato mbichi wa kuchemsha na ndimu anatosha, nawe huko Ukerewe humkosi.

Jumatatu ijayo nina kliniki. Vuka kutoka Nansio siku moja kabla, ulale kwangu, na uje na vidonge vyote vilivyobaki pamoja na daftari lako la vipimo, tuingie pamoja kwa daktari.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.