Somoe, nifungulie poti moja hapo Lindi

Shoga yangu Somoe,

Asalaam aleikum, za masiku, mama hajambo? Huku Mtwara wazima, joto tu. Ya Mwanaidi na shughuli yake tutaongea kwa simu maana ni marefu, leo nina shida.

Katibu wetu wa chama cha msingi anataka awe anaona kamera za ghala kwenye simu yake akiwa Dar, na msimu wa korosho ndio huo, Oktoba magunia yanaanza kuingia. Fundi kaja, kamera kafunga vizuri, hapo sina neno. Ila kwenye ruta, yarabi! Kafowadi poti 8000, yaani mlango wa kuingilia toka nje, kwenda kwenye DVR, kile kisanduku cha kurekodi kamera, nje haionekani, kaongeza 80, haionekani, mwisho kaitupa DVR nzima kwenye DMZ, yaani poti zote wazi, na paswedi ile ile ya kiwandani, afu kasema mtandao mbovu kaondoka zake. Somoe, si ndio kamera na DVR za namna hii zilizobebwa na kirusi cha Mirai mwaka 2016, paswedi za kiwandani, zikageuzwa jeshi wakaipiga kampuni ya Dyn iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki Marekani, na wenye kamera zao hawana habari. Nimeitoa DMZ siku hiyo hiyo, UPnP, ile ya vifaa kujifungulia poti vyenyewe, nimezima, paswedi nimebadilisha.

Na mtandao si mbovu. Nimeingia kwenye ruta, IP, yaani namba ya mtandao, ya upande wa nje inaanza na 100.72, nikicheki kwenye tovuti ya kuonyesha IP inakuja nyingine kabisa. Wewe unajua, ukiona kati ya 100.64 na 100.127 hiyo ni CGNAT, kampuni imetupanga wateja kibao nyuma ya IP moja, sasa fowadi hata poti zote 65,535, mgeni anaishia kwenye geti la mtaa, nyumba yetu haijui. Nimewapigia kuomba IP yetu wenyewe, bei waliyotaja chama hakiwezi.

Sasa nyie hapo ofisini mna IP ya kudumu. Naomba unifungulie poti moja tu, 51820, na iwe UDP sio TCP, ielekee kwenye kale kakompyuta kenu ka bekapu, tuweke WireGuard, ile VPN, njia ya siri kati ya mashine zenye ufunguo tu. Kompyuta ya karani hapa ghalani ndio itaanza kupiga kuja kwako, maana kutoka ndani kwenda nje CGNAT haizuii, tunaweka keepalive, kaujumbe kila sekunde 25, njia isijifunge, simu ya katibu nayo inakuja kwako, wanakutana hapo. DVR haitaonekana nje kabisa. Na WireGuard mtu asiye na ufunguo akigonga haijibu kitu, hata akiskani usiku kucha. Ila kakompyuta ukape kwanza IP isiyobadilika kwenye DHCP, pale ruta inapogawa namba, la sivyo umeme ukikatika ukarudi kanaamka na namba nyingine, poti inaelekea kusiko. Na ukijaribu usijaribu ukiwa kwenye waifai ya hapo hapo ofisini, ruta nyingine zinadanganya, tumia bando la simu.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba katibu keshaanza kusema aitwe tena yule fundi amalizie. Amalizie nini? Magunia yale ni ya watu, kuna mama wa Nanyamba mwaka mzima anaangalia hayo tu, na anayeweza kuiona kamera anaona pia mlinzi anazunguka saa ngapi na mlango upi hauna taa. Sitaki kabisa, bora katibu asione kitu mpaka tufanye hivi.

Hivi bosi wako atakubali? Mwambie picha tutazishusha ubora, hazitakula laini yenu, au mna kikomo cha mwezi? Ndani mnatumia namba gani, 192.168.1? Mimi ya ghala nimeihamishia 192.168.77 zisije zikagongana. Paswedi ya ruta bado anayo Yusufu, au keshaondoka kweli kama alivyosema? Jumamosi utakuwepo kazini tufanye pamoja kwa simu? Na ule ufuta uliuza, au bado unasubiri bei?

Nijibu haraka shoga, katibu anarudi wiki ijayo.

Hadija