Kunyamaza darasani kunakata maksi

Mhariri,

Nina wiki ya tatu hapa Wisconsin, Marekani, nimekuja kusoma muhula mmoja kutoka Dar es Salaam. Viza ya J-1 (ya wanaokuja kwa programu za kubadilishana), bima ya afya, makoti ya baridi, yote hayo nilielekezwa. Ila hakuna aliyeniambia kwamba ukikaa kimya darasani unapoteza maksi. Siku ya kwanza tuligawiwa mpangilio wa somo: kuchangia hoja, asilimia 15. Tuko 12, tumezunguka meza moja, hakuna pa kujificha. Halafu profesa mwenye mvi kichwa kizima anataka tumwite kwa jina lake la kwanza! Mimi bado namwita "Profesa", ulimi umegoma.

Naomba vyuo vyetu viwafundishe wanaosafiri kubishana na mwalimu kabla hawajapanda ndege.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Wisconsin, Marekani