Mzigo wa babu yako

Bagamoyo, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi za pwani. Mama yako hajambo, jana nilimpelekea samaki. Analalamika kwamba simu zako ni fupi mno.

Mimi shingo inaniuma, na sababu ni wewe. Juzi tulionyesha ile kazi yetu. Jukwaa hatukulitaka. Watu tuliwaita Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, saa kumi, tukajitwisha mchanga uliofungwa kwenye kanga, kila mtu frasila mbili, kama kilo 32, mzigo wa mpagazi wa pembe. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele na njuga, sisi kimya, watazamaji nyuma, tukapita Mtaa wa India kuelekea baharini. Ni mwendo mfupi sana. Hata hivyo, pamoja na ngata, utosi uliwaka moto, nikawa nawaza: babu wa babu yako alitoka nao Unyanyembe, huko Tabora!

Njiani mama mmoja muuza mihogo alisimama akasema, "Poleni na mzigo." Tulikuwa tumekubaliana tusiseme neno. Nikamjibu, "Tumeshapoa, mama." Sijutii.

Ufukweni maji yalikuwa yamekupwa. Unajua ubishi wa jina la mji wetu: wapo wanaosema ni pumziko la mpagazi aliyetua mzigo, wapo wanaosema ni kilio cha mtumwa aliyejua kwamba akipanda jahazi harudi tena. Hatukuchagua. Nusu yetu tulitua tukahema; wenzetu walipiga magoti wakiwa wamegeukia bara, wakabaki hivyo mpaka watu wakaacha kunong'ona.

Kisha tukaifungua mizigo. Ndani ya mchanga tulificha mbegu za mkoko, zile ndefu kama vijiti. Mbegu hiyo huota ingali juu ya mti mama, ndipo hudondoka, ikachukuliwa na maji mpaka inapokutana na tope la kuishikilia. Tukawagawia watu, tukaingia topeni, tukapanda pamoja. Watoto walikataa kutoka hata maji yalipoanza kujaa.

Hapo nilikulilia. Maiti ya Livingstone ilifika hapa mwaka 1874, na majina ya Chuma na Susi, watumishi wake walioileta, tunayo kwa sababu ya mzigo ule. Babu yenu alibeba meno ya ndovu, akabaki, akaoa, akazika watu wake hapa, na hakuna kibao chenye jina lake. Sasa wewe umeirudia njia yake hadi Tabora, kwa basi, na hapa umetuachia pengo.

Nina ombi. Tunataka kuirudia kazi hii, na mzigo wangu safari hii usiwe mchanga wa pwani. Nenda Kwihara, hapo karibu na Tabora, uchote udongo, hata kilo mbili. Unaweza kumpa dereva wa basi, lakini afadhali uje nao mwenyewe. Ngata yako nimeshaisuka.

Wako wa tangu utoto.