Mbwa naye aulizwe kabla ya kushikwa mguu

Mhariri, naomba kanafasi kidogo maana hili jambo limenikaa kooni. Mbwa wangu, aina ya German shepherd wa miaka 6, alikatika kano ya goti la nyuma akafanyiwa operesheni, nashukuru ilienda vizuri, tukaambiwa mguu uwe unakunjwa na kukunjuliwa mara 10 asubuhi na jioni goti lisije likakaza. Tukauliza akigoma je? Jibu: mshikeni tu vizuri, atazoea.

Basi tukamshika. Mimi kichwani, kijana wa getini kiunoni, mke wangu mguuni, mdomo tumeufunga kitenge. Hakuzoea chochote. Siku ya 4 akiona tu godoro linatandikwa anaingia chini ya gari, siku ya 6 kitenge kikachoropoka akamng'ata kijana wa watu mkononi, tukaanza safari za sindano za kichaa cha mbwa. Na ukikumbuka vizuri alishatuambia mapema, anajilamba midomo hamna chakula, anapiga miayo hana usingizi, macho yanatoa weupe pembeni, sisi tunasema anadeka huyu.

Binti yangu ndo akaniambia kuna mkufunzi Uingereza anaitwa Chirag Patel ana mchezo wa ndoo, mbwa akiwa anaitazama ndoo ya chakula unaendelea kumhudumia, akitazama pembeni unaacha. Sisi tukatumia taulo. Akilaza kidevu kwenye taulo tunaanza, akinyanyua kichwa mikono inatoka hapo hapo, hamna kumbembeleza wala kumkandamiza. Siku 3 za mwanzo mguu hatukuugusa kabisa, ni kidevu dagaa, kidevu dagaa, halafu mkono mgongoni, halafu pajani, ndo tukakunja mara moja.

Majirani wananicheka eti mzee anaomba ruhusa kwa mbwa. Wacheke. Siku ile tulivyofika kukunja mara ya pili akanyanyua kichwa, nikaacha huku roho inaniuma nikijua leo basi, akazunguka kiti, akanusa nusa, akarudi mwenyewe akalaza kidevu. Sikuamini. Siku hizi zile mara 10 zinaisha chai haijapoa na tuko wawili tu, mimi na yeye.

Sisemi aulizwe kila kitu, mbwa kagongwa na bodaboda anavuja damu huyo funga mdomo mkimbie naye. Ila mazoezi haya ni ya wiki na wiki, huwezi kupigana mieleka na mbwa wa kilo 35 mara mbili kwa siku. Ombi langu kwa madaktari wetu wa mifugo, kama operesheni imepangwa, tufundisheni hili la kidevu kabla, mbwa bado hajachanwa, maana kumfundisha akiwa na nyuzi nimefanya na ni shughuli.

Halafu juzi alikataa siku mbili mfululizo, kidevu halazi hata umuonyeshe nyama. Nikampigia daktari, kumbe dawa ya maumivu tuliikatisha mapema. Tungekuwa bado tunamshika watu watatu ningejulia wapi?

Mfuga mbwa,
Dar es Salaam