Eti kama napona kwa kupumua, sikuwa naumwa

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa kumi alfajiri nikiwa nimeegemea ukuta wa sebuleni, kwa kuwa usiku kucha sikupata usingizi, na safari hii si kwa ajili ya mgongo bali kwa neno alilolitamka mume wangu mbele ya wageni: "Kama unapona kwa kupumua, basi hukuwa unaumwa."

Mgongo huu una mwaka wa tatu sasa, na maumivu hushuka hadi unyayo wa kushoto. Hospitalini mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kuvuta pumzi kwa pua nikihesabu hadi nne, tumbo likiinuka, kisha kuitoa taratibu nikihesabu hadi sita, ili katika dakika moja nivute pumzi sita tu. Alinionyesha pia mashine ndogo ya kusisimua neva kwa umeme, yenye vibandiko vinne, ambayo kwa nusu saa hunifanya nihisi kama siafu wananitambaa kiunoni, na maumivu yakapungua. Yakapungua, Shangazi, sikusema nimepona, naye anajua kuwa sikusema hivyo.

Nilijaribu kumweleza kwamba tangu mwaka 1965 wataalamu Ronald Melzack na Patrick Wall walisema uti wa mgongo una kitu kama lango, na kwamba mguso unaopita kwenye neva nene huweza kulibana lango hilo maumivu yasipite yote, ndiyo maana mtu akijikwaa hukishika kidole akakisugua. Akacheka. Wageni nao wakacheka, akiwamo wifi yangu, ambaye mimi ndiye niliyemuuguza alipojifungua kwa upasuaji.

Mimi si mvivu, kwani chakula walichokula siku hiyo nilikipika mimi, nikiuegemeza mguu mmoja kwenye kinu. Wala sitaki kuonewa huruma, ila angeniuliza hata mara moja nimelalaje. Mashine niliinunua kwa mkopo wa kikoba, naye anadhani nimeazimwa. Sikumdanganya, hakuuliza tu, ingawa marejesho yanaanza mwezi ujao na sijui nimwambieje.

Siku hizi zoezi nalifanyia bafuni, mlango nimeufunga, nikichelea asinisikie nikihema. Usiku huu nimelifanya, maumivu yakashuka, nami nikajikuta nawaza: je, huenda anasema kweli?

Tafadhali usinitaje, na lile la kikoba usiliandike. Lakini jibu lako litoke Jumapili, maana siku hiyo gazeti hulisoma yeye kwanza.

Msomaji wako.