Ulikusudia Zaburi ya 88?

Dada yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Ndiyo, salamu hiyo nimeiandika mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Natumai u mzima. Mimi sijawa mzima sana, ila si yule uliyemwacha mara ya mwisho. Nimeshika kalamu kwa sababu haya hayaenei kwenye ujumbe wa simu, na kwa sababu nina deni lako la majibu ya miezi saba. Kila alfajiri simu inalia mara moja, najua ni wewe. "Zab 13." "Omb 3." "Mk 9:14-29." Hakuna pole, hakuna nakuombea, hakuna emoji ya mikono. Kitabu cha Biblia, sura, basi: Zaburi, Maombolezo, Marko.

Siku arobaini za kwanza nilikuwa nafuta bila kufungua Biblia. Unakumbuka siku tuliyotoka kumzika mdogo wangu, ulipotaka kuniombea nikakwambia mbele za watu kwamba simjui huyo Mungu wako na usinitajie tena. Ulinyamaza. Kesho yake ukaanza kutuma. Nikasema huyu hasikii.

Kuna jambo sikukusimulia. Unajua tulivyofunga siku 21. Siku ya mwisho mhubiri alimwekea mikono mdogo wangu mgonjwa, akatangaza amepona, akatuamuru tuanze kushukuru hapo hapo. Nilishukuru mpaka sauti ikanikauka. Siku ya nne mdogo wangu akafa. Yule mhubiri aliporudi alisema imani yetu ilikuwa na ufa mahali. Ufa! Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki. Usiku nilikuwa nazipitia zile siku 21, moja moja, natafuta ni ipi niliyotia shaka, kana kwamba nikiipata nitairekebisha na yeye ataamka.

Kisha ukatuma "Zab 88".

Hiyo nilifungua, na nilifungua kwa shari. Nilitaka kuona umeniletea faraja gani ya kupakwa juu juu ili nikujibu vibaya. Nikasoma nimesimama. Mtu analia tangu mstari wa kwanza, anamwambia Mungu usoni kwamba wewe ndiwe uliyenitia shimoni. Nikawa nangoja mgeuko. Unazijua zaburi za kilio: mwisho mwenye kulia hujifuta machozi akaanza kusifu. Hata ile ya 13, yenye mistari sita tu, inaishia kwa kuimba. Nikafika mstari wa 18. Giza. Imeisha. Nikadhani kurasa mbili zimeshikana, nikazipapasa kwa kidole. Hazikushikana. Inayofuata ni ya 89.

Nilikaa sakafuni pale pale. Hakuna anayemjibu mtu huyu. Lakini pia hakuna anayemkemea, hakuna anayemuuliza imani yake ina ufa wapi. Na juu ya zaburi imeandikwa kwamba ni wimbo, wa wana wa Kora. Maana yake kuna watu walisimama ibadani wakayaimba maneno hayo, yote, mpaka hilo giza la mwisho, wakaenda zao nyumbani.

Basi niambie: ulikusudia 88, au kidole kiliteleza ukitaka 89, ile inayoanza kwa kuziimba fadhili za Bwana? Sitakasirika.

Tangu siku ile nasoma. Usinifikirie vikubwa. Ni dakika kumi, wakati mwingine saba. Nanakili andiko lako kwenye daftari, nasoma kwa kunong'ona kwa sababu nikisoma kimoyomoyo macho yanaruka mistari, kisha naandika sentensi moja. Moja tu. Nikiandika mbili naanza kuhubiri. Kuna kurasa zimeandikwa "Leo sijasikia kitu". Kuna wiki nzima na siku mbili hakuna chochote, na niliporudi nilitaka kuanza upya kwa kufidia zote tisa, nikachoka kabla sijaanza. Nikasoma ya siku hiyo.

Nilijaribu pia kile kitabu cha tafakari nilichopewa msibani, cha ukurasa mmoja kwa siku. Wapo kinaowafaa, siwadharau. Ila mimi kilinichosha: kila ukurasa unaanza na shida na kufika chini ushindi umepatikana, kabla hata sijakaa vizuri kitini. Wewe ulinipa andiko ukaondoka, ukaniacha nigombane nalo mwenyewe. Baadaye nilisoma kwamba hukubuni kitu. Mwaka 1728 kule Herrnhut, Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wakristo walioitwa Wamoraviani, alianza kuwapa watu wake neno moja la Biblia la kwenda nalo siku nzima, likawa linapelekwa nyumba kwa nyumba. Tangu 1731 maneno hayo yanachapwa kitabu cha mwaka mzima, na yanatoka hadi leo. Nilicheka peke yangu. Nikaona mtu anagonga mlango, anasema mstari wake, anakwenda mlango wa pili. Wewe kabisa.

Lakini lililonifungua zaidi ni 1 Wafalme 19. Nilikuwa nalijua tangu shule ya Jumapili: upepo, tetemeko, moto, kisha sauti ndogo, ya utulivu. Hapo ndipo huwa tunaishia, tunafunga Biblia tumeridhika. Safari hii, kwa kuwa nilikuwa nanong'ona, niliyasikia mambo mawili. La kwanza, nabii Eliya anaomba afe, na malaika hamhubirii. Anamgusa, "Inuka, ule." Analala tena, anaguswa tena, anakula tena. Hata lawama haipo. Usingizi na mkate kwanza, mahubiri baadaye. (Kwa hiyo ndiyo, naenda kwa mshauri nasaha kila wiki mbili, na atakayeniambia kuwa hilo ni kukosa imani nitamfungulia ukurasa huu.) La pili ndilo lililonishangaza. Kabla ya ile sauti Mungu anamuuliza, unafanya nini hapa, Eliya? Anatoa lalamiko lake. Baada ya upepo na moto na sauti ya utulivu, anaulizwa swali lile lile, naye anajibu vile vile, lalamiko zima tangu mwanzo hadi mwisho. Linganisha mstari wa 10 na wa 14. Yaani ile sauti tunayoiimba haikumtoa lalamiko lake. Mungu hakukasirika. Alimpa kazi ya kufanya na akamwonyesha Elisha wa kutembea naye.

Niliandika siku hiyo: "Naruhusiwa kurudia." Nikarudia, dada. Kwa wiki kadhaa sala yangu ilikuwa ni lile lile la mdogo wangu, kwa maneno yale yale, kila alfajiri. Sijui ni siku gani lilipoanza kupungua nguvu. Ninachojua ni kwamba siku moja nilimaliza kulalamika mapema, nikabaki nimekaa, na sikuwa peke yangu chumbani. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo na naomba usinilazimishe nilitolee ushuhuda.

Umeniuliza mara moja tu katika miezi yote hii, uliponitumia Yohana 5, kama sikukosea kuisoma hivyo. "Wataka kuwa mzima?" Yule aliyeugua miaka 38, Yesu anapomuuliza hivyo, hasemi ndiyo. Anaanza kueleza kwamba hana mtu wa kumtia katika birika la uponyaji, na kila akienda mwingine amemtangulia. Nilimwelewa. Kuna wakati maumivu yanakuwa ndiyo kitu pekee kilichobaki cha marehemu, ukiyaachia unahisi umemzika mara ya pili. Ilinichukua muda kujibu. Jibu langu lilikuwa "sehemu".

Na sehemu nimepona. Nalala. Naweza kutaja jina la mdogo wangu bila kutoka chumbani, na juzi nimemcheka, ile tabia yake ya kuimba ubeti wa pili na maneno ya ubeti wa tatu. Zile siku 21 nimeacha kuzikagua. Yule mhubiri bado sijamsamehe; namtaja kwa Mungu, basi, na mara nyingine kwa sauti isiyo ya ibada. Kwa nini mmoja huponywa na mwingine hufa, sijajibiwa, na nikisikia mtu analijibu haraka naangalia mlango uko wapi.

Kanisani nimerudi mara tatu. Nakaa nyuma. Ukija tutakaa wote huko nyuma.

Sasa ombi. Kesho alfajiri usinitumie kitu, ni zamu yangu. Anza na Yohana 18, mstari wa 15 hadi 18, halafu uruke mpaka 21, mstari wa 1 hadi 14, usome taratibu. Moto wa makaa umewashwa mara mbili tu katika injili ile. Mara ya kwanza Petro anaota hapo usiku aliosema hamjui Yesu. Mara ya pili angalia nani ameuwasha, na pale ufukweni Petro anapofika akiwa amelowa, angalia anaambiwa neno gani la kwanza.

Ndilo nililotaka kukwambia kuhusu zile "Zab" zako za alfajiri.

Ni mimi, mdogo wako katika Bwana.